Mwandishi au Mtunzi? Uhakiki wa Santuri ya Herbie Hancock na Wenzake

Siku ya mwisho ya mwaka 1970, wanamuziki sita weusi wa Marekani, wakisaidiwa na wageni watatu, waliingia katika studio ya Wally Heider mjini San Francisco wakarekodi vibao vitatu vya jazi. Santuri iliyotokana na kazi hiyo ilitolewa na kampuni ya Warner Bros. mwaka 1971, na jina lake ni neno moja tu la Kiswahili: Mwandishi. Neno hilo ndilo jina alilojipa kiongozi wa kundi, mpiga kinanda Herbie Hancock, mzaliwa wa Chicago. Wenzake nao wametajwa kwa majina ya namna hiyo hiyo. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Billy Hart wa ngoma ni Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga. Bennie Maupin, mpiga filimbi na klarineti ya sauti nzito, ni Mwile. Na Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto.

Mzungumzaji wa Kiswahili akutanapo na orodha hii kwa mara ya kwanza huvutwa pande mbili. Upande mmoja huona fahari kwamba lugha yake imefika San Francisco na kupewa kiti cha mbele. Upande wa pili hucheka, maana baadhi ya majina hayo yananuka kamusi. Hisia zote mbili zina sababu zake, lakini zina kasoro moja: hukomea kwenye jalada. Anayesema kuwa Kiswahili kimetukuzwa hajauliza kimepewa kazi gani, na anayesema kuwa kimeharibiwa hajaisikiliza santuri. Katika makala haya tunanuia kuyasoma majina pamoja na muziki, kwa kuwa tunaamini kwamba neno lililokosewa kuliko mengine, yaani lile lililobeba santuri nzima, ndilo linaloeleza vizuri zaidi kile ambacho wanamuziki hawa walikuwa wakikifanya.

Yafaa kwanza tujue majina yalitoka wapi. Aliyeyaleta kundini ni kijana James Mtume, mpiga tumba, mwana wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Mtume alikuwa mfuasi wa jumuiya ya US iliyoanzishwa mjini Los Angeles mwaka 1965 chini ya Maulana Karenga, jumuiya ambayo mwaka uliofuata iliasisi sikukuu ya Kwanzaa na zile Nguzo Saba ambazo kila moja ina jina la Kiswahili. Mnamo Desemba 1969 Hancock na Williams walishiriki pamoja na Mtume, Don Cherry na Albert Heath katika santuri iliyoitwa Kawaida, yenye vibao vinavyoitwa kwa majina kama "Baraka", "Maulana" na "Dunia". Kutoka hapo hadi kujibatiza majina mapya hapakuwa na mwendo mrefu.

Uchaguzi wa Kiswahili ulikuwa wa kisiasa kuliko wa kinasaba. Wengi wa waliovushwa bahari ya Atlantiki kwa nguvu walitoka Afrika ya Magharibi na eneo la Kongo na Angola, wala si mwambao wetu. Kiswahili kilipendwa kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja, na kwa sababu Tanzania ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, ilikuwa imewapa watu weusi wa ng'ambo mfano wa taifa linalojiendesha kwa lugha yake. Lakini palikuwa na njia zaidi ya moja ya kukichukua Kiswahili. Mwaka 1960 mpiga kinanda Randy Weston aliporekodi Uhuru Afrika, alimtafuta Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, asome kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes lililofungua kazi hiyo. Weston alikwenda kwa mwenye lugha. Kundi la Hancock, miaka kumi baadaye, lilikwenda kwenye orodha ya maneno. Tofauti hiyo si ndogo, na ndiyo iliyozaa makosa tutakayoyaona.

Tuanze na majina ambayo hayana matata. Mganga limekaa mahali pake bila shaka yoyote: Henderson alikuwa daktari aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Howard, na wakati huo alikuwa akifanya kazi ya udaktari huku akipiga tarumbeta. Jabali ni jina zuri kwa mpiga ngoma, na Billy Hart amelichukua maisha yake yote. Hata mmoja wa wageni, Leon Chancler, kijana wa miaka kumi na minane aliyealikwa kuongeza ngoma katika kibao cha kwanza, alijulikana kwa jina la Ndugu, ambalo katika orodha nzima ndilo pekee ambalo Mswahili angeliitia mtu njiani bila kufikiri. Mwile yamkini ni mwili, irabu ikiwa imeteleza katika kunakili. Pepo Mtoto limeundwa kwa mpangilio wa maneno ya Kiingereza, ambapo neno la mbele hulipambanua la nyuma. Katika Kiswahili neno la mbele ndilo kichwa, kwa hiyo asiyeambiwa atadhani kwamba anayezungumziwa ni pepo ambaye bado ni mtoto, wala si mtoto mwenye asili ya kiroho. Na juu ya jina Mtume lenyewe tutasema tu kwamba Mombasa au Lamu pasingepatikana mzazi wa kumpa mwanawe.

Yanabaki mawili, na haya yana uzito zaidi. Katika Kiswahili muziki haupigwi na mchezaji. Ala hupigwa, na mwenye kuipiga ni mpigaji; kinachochezwa ni ngoma, kwa miguu na mabega. Aliyemwita Buster Williams Mchezaji alikuwa akifasiri neno la Kiingereza ambalo humtaja kwa pamoja mpiga ala, mcheza mpira na mcheza karata. Mswahili amsikiapo mchezaji humwona mtu amesimama uwanjani akisakata. Vivyo hivyo Mwandishi. Waandishi wa habari za jazi hadi leo hulifasiri neno hili kuwa ni mtunzi wa muziki, na bila shaka hiyo ndiyo maana waliyoikusudia. Lakini sisi tunalo neno mtunzi, na hatulichanganyi na mwandishi. Mtunzi ndiye atoaye kitu ambacho hakikuwapo. Mwandishi ni mwenye kalamu, na kalamu yake yaweza kuwa inaandika ya mwingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji yangalipotea mengi kama Mwalimu Sikujua asingaliyakusanya kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa na kuyaandika. Muyaka ni mtunzi. Sikujua ni mwandishi. Hakuna mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza ambaye angewachanganya.

Kwa hiyo kikamusi Hancock alikosea. Sasa na tuisikilize santuri.

Kibao cha kwanza, "Ostinato (Suite for Angela)", kinachukua dakika 13 hivi. Neno la mwanzo ni la Kitaliano, na asili yake ni ukaidi. Wanamuziki hulitumia kwa fungu la sauti linalorudiwa bila kugeuzwa. Fungu lenyewe linashikwa na besi ya Williams ikisaidiwa na klarineti nzito ya Maupin, nalo lina mapigo 15, yaliyogawika 8 na 7. Wahakiki wa Kimarekani huyataja mapigo hayo kama jambo la kihesabu. Kwa sikio lililolelewa na shairi la Kiswahili si hesabu hata kidogo. Sikio hilo limezoea mshororo wa mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na limefundishwa kumshtukia malenga aliyepunguza mizani moja. Hapa ukwapi umetimia, na utao kila mara umepungukiwa na mizani moja. Kwa kanuni zetu hilo ni guni. Lakini guni hili linarudiwa kwa ukaidi dakika baada ya dakika, mpaka msikilizaji anaacha kuingoja mizani iliyokosekana na kuanza kuegemea pengo lake. Mguu ulio tayari kukanyaga hukuta ardhi imeshasogea. Hiyo ndiyo nguvu ya kibao hiki, na ni nguvu ya fani kabla haijawa ya maudhui.

Maudhui yapo hata hivyo. Angela anayetajwa ni Angela Davis, mwanafalsafa na mwanaharakati aliyekamatwa mjini New York mwezi Oktoba 1970 na ambaye, kibao hiki kiliporekodiwa, alikuwa gerezani akingoja kesi yenye mashtaka ya mauaji. Aliachiliwa na baraza la wazee wa mahakama mwezi Juni 1972. Kibao hakina neno hata moja, na mhakiki anayetaka ujumbe ulio wazi atauliza kujitolea huko kuna maana gani iwapo anwani ikifutwa kilichobaki ni muziki tu. Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba hapa anwani na fani zinashikana kuliko kawaida: muziki unaozunguka palepale bila kufunguka, wala kukubali kukamilishwa, hauhitaji kuhubiri juu ya mtu aliyefungwa. Hatutakwenda mbali zaidi ya hapo. Kusema kwamba mizani iliyokosekana ni Angela mwenyewe kungekuwa kutia maneno kinywani mwa besi.

Tukitazama sasa nani ametunga nini katika kibao hiki, tunakuta kwamba Hancock ameandika kidogo mno. Ametoa lile fungu la besi na ngazi ya sauti zinazoruhusiwa juu yake. Yote mengine, kuanzia tarumbeta ya Henderson inayoingia kwa hadhari kama mgeni barazani, hadi klarineti ya Maupin inayonguruma na kupasuka, yametungwa papo kwa papo na wenye kuyapiga. Kinanda cha umeme cha kiongozi, kikipitishwa katika mtambo wa mwangwi, mara nyingi hakiongozi kabisa. Kinatupa neno, kinanyamaza, kinasikiliza, kisha kinaandika pembeni jibu la walichosema wengine. Kabla ya kurekodi, mwezi Novemba 1970, kundi lilikuwa limepiga kwa mwezi mzima katika ukumbi wa London House mjini Chicago, na humo ndimo desturi hii ya kusikilizana ilikomaa. Kwa hiyo utunzi wa santuri hii ni mali ya watu sita. Kiongozi ndiye aliyekusanya, akaweka mpaka, akatia sahihi. Basi ni nani huyo, kwa Kiswahili sahihi, kama si mwandishi?

Hatudai kwamba Hancock alilijua hilo. Alidhani ameitwa mtunzi. Lakini lugha ina kumbukumbu yake, na neno likichukuliwa na mtu asiyejua uzito wake huenda likamwambia ukweli ambao asingejiambia mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa Mchezaji. Jambo gani analofanya Williams katika "Ostinato"? Hapambi, hajionyeshi, anayatembea mapigo yale 15 kama mtu achezaye kwenye duara, akirudi kila mara palepale alipoanza. Ukimwita mpigaji umesema kweli. Ukimwita mchezaji umesema zaidi.

Kibao cha pili, "You'll Know When You Get There", ni kitulivu, na hatuna mengi ya kukisemea isipokuwa kwamba uzuri wake umo katika vituo. Lahani yake imeachiwa nafasi kubwa za kimya, na filimbi ya Maupin inaijua thamani ya nafasi hizo. Hiki ndicho kibao ambacho tungempa msikilizaji anayeiogopa santuri.

Upande wa pili wote, dakika 21 na zaidi, umechukuliwa na "Wandering Spirit Song", ambao si wa Hancock. Umetungwa na Priester, yule Pepo Mtoto, mtu aliyepitia kundi la Sun Ra huko Chicago na aliyepiga tromboni katika kazi ya Max Roach ya mwaka 1960 juu ya uhuru. Kwamba santuri iitwayo Mwandishi imetoa nusu yake nzima kwa utunzi wa mwingine ni ushahidi mwingine wa hoja yetu. Lakini kinachotushughulisha zaidi ni jinsi majina yanavyokutana hapa. Katika kundi moja mna mganga na mna pepo, mna ngoma, na wimbo unamhusu roho asiye na makao. Mswahili hahitaji kuelezwa hiyo ni hali gani. Ni ngoma ya kupunga pepo.

Tuufuate mwendo wake. Tromboni na wenzake wanaanza kwa lahani ya polepole, yenye sauti ndefu zilizolazwa, karibu na wimbo wa kanisani. Kisha mambo yanaanza kulegea. Ngoma zinaacha kuhesabu na kuanza kuchokoza, pumzi inazidi, mpangilio unavunjika hadi panapokuwa na vilio ambavyo havina tena lahani, kila ala ikisema lugha yake. Baadaye ghasia inapungua, na lahani ya mwanzo inarejea, imechoka lakini imetulia. Aliyewahi kukaa kando ya ngoma ya pepo huko pwani ataitambua ngazi hiyo: kuitwa, kupanda, kusema, kutulizwa. Hatusemi kwamba Priester aliijua ngoma hiyo. Huenda mwendo wa namna hii una mizizi yake katika makanisa ya watu weusi wa Marekani, ambako roho hushuka pia na waumini hupaza sauti. Tunachosema ni kwamba jina ambalo sarufi yetu ililicheka limetupa ufunguo wa kusikiliza ambao jina Julian Priester lisingetupa. Neno pepo kwetu si roho mpole wa vitabuni. Ni kitu kinachompata mtu, chenye madai, chenye kutaka ngoma yake. Ukiusikiliza muziki huu kwa maana hiyo, vilio vya katikati vinaacha kuwa fujo na kuwa kauli.

Pamoja na hayo, sehemu ile ya katikati ni ndefu kuliko inavyostahimili. Kuna dakika kadhaa ambapo wapigaji wanasubiriana bila kuambiana kitu, na adabu ya kusikilizana inageuka kuwa woga wa kutamka. Utunzi wa pamoja una hatari hiyo siku zote: penye malenga sita wasiotaka kutangulia, baraza hupoa. Katika "Ostinato" nako gita la mgeni Ronnie Montrose halina kazi ya kutosha, na kwa nyakati fulani ngoma mbili pamoja na tumba za José Areas zinalijaza lile pengo la mapigo ambalo ndilo tunu ya kibao. Crossings ya mwaka 1972, ambayo iliongeza mitambo ya Patrick Gleeson, ina rangi nyingi zaidi, lakini kwa maoni yetu haina ule uthabiti wa upande wa kwanza wa santuri hii.

Kuna pingamizi jingine, nalo halitoki kwa wapenzi wa muziki bali kwetu walimu wa lugha. Litasemwa kwamba tumewasamehe Wamarekani makosa ambayo tungemkatia mwanafunzi wetu maksi, na kwamba kuyatafutia makosa maana nzuri ni kufungua mlango wa kila uharibifu. Tunaliheshimu pingamizi hilo. Hata hivyo mwanafunzi wetu anayo lugha nyumbani na mtaani. Akikosea, anakosea akiwa na njia ya kurudi. Watu hawa walinyang'anywa lugha za mababu zao, na neno walilolipata kwenye orodha lilikuwa ndilo lote walilokuwa nalo. Zaidi ya hayo, sisi tunaotunga istilahi za sayansi tukiwa tumezungukwa na kamusi za Kiingereza hatuna haki kubwa ya kucheka Kiswahili cha kamusi. Kosa na lionyeshwe, kama tulivyolionyesha. Kisha liulizwe limezaa nini.

Nalo limezaa. Kundi lenyewe halikudumu: baada ya Sextant, mwaka 1973, Hancock alilivunja kwa kuwa gharama za kuliendesha zilizidi mapato, na kabla ya mwaka kwisha alitoa Head Hunters, santuri ya mapigo ya kuchezeka iliyouzwa zaidi ya nakala milioni moja. Kati ya wale sita ni Maupin peke yake aliyebaki naye. Lakini majina hayakufa pamoja na kundi. Priester alitoa santuri ya Love, Love mwaka 1974 kwa jina la Julian Priester Pepo Mtoto. Na neno Mwandishi limekuwa nomino katika lugha ya wapenzi wa jazi duniani, likitaja kundi, kipindi cha mwaka 1970 hadi 1973, na namna ya kupiga. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwanafunzi mwenzangu alishangaa kusikia kwamba kwetu neno hilo humtaja pia karani wa ofisini. Yeye alilijua kama jina la aina ya muziki, ule ambao hakuna anayejua nani ataanza kusema. Maana hiyo haimo katika kamusi yetu yoyote. Watunga kamusi watakapoketi tena wataamua wenyewe kama waiingize, na wakiiingiza, itawabidi waiandike chini ya kitomeo hicho hicho cha mwandishi, jirani na karani na Mwalimu Sikujua.